Dingle, na majina ya migomba ya bibi

Mdogo wangu alipunguza mwendo kwenye kona, nikaona maneno yamepakwa rangi nyeupe juu ya lami: GO MALL. Nikamuuliza ni nini. "Pole pole, dada. Ndiyo maana yake." Sisi wawili tumezaliwa Marangu, njiani kabisa pa kupandia mlima, na tangu wadogo tumewasikia waongozaji wakiwaambia wageni neno hilo hilo. Nilimwomba arudi nyuma nipige picha.

Yeye ni nesi Tralee, kusini-magharibi mwa Ayalandi, na mwezi wa sita nilikwenda kumtembelea. Dingle iko kama kilomita 50 kutoka kwake, mji mdogo wa wavuvi kwenye rasi inayoingia Bahari ya Atlantiki. Maduka yamepakwa njano, bluu na zambarau. Bandarini kuna sanamu ya pomboo anayeitwa Fungie, aliyeingia kwenye ghuba ile mwaka 1983, akaishi karibu na watu hadi alipotoweka Oktoba 2020. Kuna baa ambayo kaunta moja inauza bia na nyingine inauza misumari. Saa nne usiku bado kunaonekana, watu wanatembea tu. Vyote nilivipenda, ila kilichonishika ni lugha.

Rasi ile ni moja ya sehemu zinazoitwa Gaeltacht, ambako watu bado wanaongea Kiayalandi majumbani. Simaanishi Kiingereza chenye lafudhi, ni lugha nyingine kabisa. Vibao vingi vya barabarani ni vya lugha hiyo peke yake. Redio yao ya Kiayalandi inatangaza tangu 1972, na ina studio kijijini Baile na nGall, mwendo mfupi kutoka mjini. Mwaka 2005 serikali iliamua hata jina la mji libaki la Kiayalandi tu, An Daingean, kwenye vibao. Wenyeji wakapinga, mwaka uliofuata wakapiga kura kutaka majina yote mawili. Nilivutiwa sana na ugomvi huo. Watu wazima kukaa kikao na kubishana jina la mji liandikwe kwa lugha gani!

Siku ya pili, dukani, mtoto wa miaka kama minne alikuwa analilia aiskrimu. Mama yake anamkatalia kwa Kiayalandi, mtoto anaendelea kulia, kwa Kiayalandi. Nilibaki nimesimama na mkate wangu mkononi. Watoto wa kaka yangu pale Moshi mjini wanajua "aika", yaani asante, basi, na hiyo wanaisema bibi akiwapa pesa. Mimi mwenyewe Kichagga nakisikia chote, lakini bibi akinisemesha namjibu kwa Kiswahili. Mwenye duka, mama wa makamo, aliona navyowatazama, akanifundisha salamu: Dia duit, Mungu awe nawe. Anayejibu anaongeza: Dia is Muire duit, Mungu na Maria wawe nawe. Alinirudisha mara tatu mpaka akaridhika.

Lugha hiyo ilipigwa vibaya na njaa iliyoanza 1845, viazi vilipoanza kuoza shambani kwa ugonjwa. Wengi waliokufa na waliopanda meli kuhama walikuwa maskini wa magharibi, na hao ndio waliokuwa wasemaji wake.

Tulikwenda Dún Chaoin tuvuke kwenda kisiwa cha Great Blasket, bahari ikachafuka, boti haikutoka. Tukakaa juu ya njia inayojipinda kushuka gatini, upepo unatupiga, kisiwa kinaonekana waziwazi. Kutoka ncha ya karibu ya nchi kavu ni kama kilomita mbili. Mwaka 1947 kijana mmoja alifia pale kwa homa ya uti wa mgongo. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, daktari hakuweza kuvuka. Mwaka 1953 wakazi waliobaki kisiwani, watu 22, wakahamishwa. Nilipoitazama ile bahari sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Kanisa dogo la Gallarus tulilifikia mvua ikinyesha. Ni mawe matupu, hakuna udongo wala saruji, limepangwa likafanana na mashua iliyofunikwa. Niliinama mlangoni nikaingia. Ndani pakavu! Nikapitisha kiganja ukutani nikaelewa: kila jiwe limelazwa likiinamia nje kidogo, maji yanateleza kwenda nje kabla hayajaingia. Limekaa hivyo karne na karne. Mtu aliyelipanga alikuwa na subira ya wazee wetu waliochimba mifongo, mifereji ya maji, wakayatoa maji juu msituni hadi kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba ya nyumbani, kwa kuupima mteremko kwa macho.

Mipaka ya mashamba nayo ni mawe, na pengine ua wa fuchsia, maua mekundu yanayoning'inia. Kwa lugha yao yanaitwa Deora Dé, machozi ya Mungu. Mimi nikawa naona masale tu, mimea tunayopanda mipakani kwetu.

Niliporudi nilipanda Marangu Jumamosi ile ile. Bibi alizitazama picha kwenye simu, akauliza wanalima nini, nikamwambia viazi na kufuga kondoo. Akacheka aliposikia kilele kikubwa cha rasi ile, Brandon, ni mita 952, maana jikoni kwake ni juu zaidi. Kisha nikatoa daftari, nikamwambia, bibi, leo nataka majina ya migomba yote ya kihamba hiki, kwa Kichagga, na mimi nitayasema nyuma yako.

Tukaanzia kwenye masale ya mpaka wa juu. Mchare, kitarasa, anagusa shina, ananisubiri niandike, ananirekebisha matamshi. Kwenye mgomba wa saba alisimama, mkono juu ya shina. "Huu mama yangu alikuwa na jina lake," alisema. "Limenitoka." Tulisubiri pale chini kidogo. Halikuja.