Kadi ya CompactFlash kwenye Psion 5mx, na chumvi ya Lamu

Kati ya viambatisho vyote vya Psion 5mx, kompyuta ndogo ya mkononi, mimi nachagua kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash. Megabaiti 64 au 128 zatosha; mashine husoma mpangilio wa faili wa FAT16, si FAT32, kwa hiyo likadi jipya la gigabaiti 32 litakuumbua.

Lamu adui ni hewa ya chumvi: pini 50 ndani ya tundu hushika utandu, kadi ikawa haionekani. Kabla ya kutoa betri mbili za AA hakikisha ile ndogo, CR2032, bado nzima, maana ndiyo itakayoshikilia data. Pitisha brashi laini yenye spiriti safi, acha ikauke kabisa. Kadi ikigoma kuingia usiisukume. Pini ikipinda ni kazi ya kibano na lenzi.

Springboard, vipachiko vya Handspring Visor (kompyuta nyingine ya mkononi), vina mbwembwe zaidi, hata kamera, ila havikai kwenye mashine nyingine.