Siku moja handakini, ukingo wa Kagera, Novemba 1978

Wajukuu wangu hapa Igoma, Mwanza, hudhani kwamba mstari wa mbele ni risasi tangu kuche hadi kuchwe. Siku ninayowasimulia ni ya wiki ya pili ya Novemba 1978, katika vita yetu Watanzania na majeshi ya Idi Amin wa Uganda, kusini mwa Mto Kagera, ambako kikosi chetu kilifika kwa meli kutoka Mwanza hadi Bukoba, kisha kwa malori ya raia yaliyochukuliwa na serikali kwa ajili ya vita.

Saa kumi alfajiri sajini alipita akitugusa mabega mmoja mmoja bila kusema neno, maana sauti husafiri mbali juu ya maji. Tulisimama handakini tukiuelekea mto hadi ukungu ulipoinuka, maji ya mvua za vuli yakitufika vifundoni.

Saa moja tulikunywa chai ya rangi na kusafisha silaha. Nilikuwa na kipande cha khanga kuukuu nilichokivuta kwa kamba ndani ya mtutu. Kilitoka chekundu kwa udongo, nikakifua na kukirudisha, na mara ya nne tu ndipo kilipotoka na mafuta matupu.

Kuanzia saa tatu hadi saa saba tulichimba. Hii ndiyo kazi kubwa ya vita, nayo haisimuliwi na mtu. Mvua ilikuwa imebomoa kuta usiku, basi tukashika sululu na chepeo, tukizingatia kwamba handaki halichimbwi likanyooka: hupindapinda, ili kombora likiangukia kona moja, vipande vyake visiwafikie walio kona ya pili.

Saa nane yakaanza makombora. Mlio wa kutoka ng'ambo ulikuwa mzito na mfupi, kama mchi unavyogonga kinu, na waliozoea walikuwa wamekwisha kulala chini kabla sisi wageni hatujaelewa. Mizinga yetu ikajibu kutoka nyuma. Mwenzetu mmoja alipigwa na kipande pajani, tukamtoa kwa machela tukipita kona zilezile tulizozichimba asubuhi. Wakati wa milio sikuhisi kitu. Mikono ilianza kunitetemeka kimya kiliporudi.

Hatukuweza kuwafuata. Majeshi ya Amin yalikuwa yamelilipua Daraja la Kyaka tarehe 3 mwezi huo, na kati yetu yalibaki maji na mafunjo.

Saa kumi na mbili jioni alikuja kwenye lindo langu mgambo mmoja mtu mzima, Mhaya wa ng'ambo, aliyekimbia na familia yake wavamizi walipoingia.

"Ndugu askari, unaiona ile migomba, kulia kwa mti mkubwa? Pale ndipo kwangu."

"Naiona, mzee."

"Mizinga yetu ikipiga usiku, hulenga wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Aliomba zamu ya kwanza, akaegemeza bunduki ukutani mwa handaki, akakaa akiielekea ile migomba.