Mwenye andiko anyamaze kwanza

Hapa Nairobi, mtafiti chipukizi akiuliza afanyeje ili apate ruzuku, jibu ni lilelile: mpelekee profesa andiko lako alipitie. Ushauri huo umewaponza vijana wengi ninaowafahamu. Profesa ana madarasa, ana kamati, ana wanafunzi wa uzamifu. Andiko linalala kwenye barua pepe yake mpaka siku ya mwisho inakaribia, kisha linarudi koma zimerekebishwa na pembeni pameandikwa "Safi". Mfadhili akilikataa, kijana anadhani hana kipaji.

Ndipo nikaanza kuwakusanya Jumamosi asubuhi, kwenye chumba cha kuazima karibu na Chiromo, wahakikiane wao kwa wao. Gharama ni chai na kopi tu, mia chache kwa kila mtu.

Mwanzoni tulitumia fomu ya maswali, kila mtu akaijaze nyumbani. Haikufaa hata kidogo. Watu walioneana haya wakaishia kusifiana.

Kilichotufaa ni kumnyamazisha mwenye andiko. Analeta ukurasa mmoja wa malengo. Wenzake wawili wa fani nyingine wanausoma, wanaugeuza kifudifudi mezani, kisha wanaelezana mbele yake: huyu anataka kujua nini, na atakijuaje? Yeye hasemi neno, wala hatikisi kichwa.

Kuna kijana wa wadudu aliyeandika kuhusu Anopheles stephensi, mbu wa malaria anayezaliana kwenye matangi ya maji mijini. Barani Afrika mbu huyo aligunduliwa kwanza Djibouti mwaka 2012, na hapa Kenya akapatikana katika sampuli za Marsabit za mwaka 2022. Swali la kijana lilikuwa zuri mno: je, ameshafika kwenye matangi ya ploti zetu za Nairobi? Ila alilizika chini ya aya tatu za jinsi malaria inavyoua Afrika, jambo ambalo kila mfadhili analijua. Wasomaji wake walikuwa dada wa lishe na mwenzake wa udongo.

"Nafikiri anataka kujaribu dawa ya mbu," dada akasema.

"Mimi nimeona ni mambo ya vyandarua," wa udongo akajibu.

Kijana alikuwa ameikaba kalamu mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Nilipomfungulia tu akalipuka: "Daktari, ni matangi! Nataka kupanda juu nifungue matangi nione kama yumo!" Nikamwambia usifute hata neno, iandike hivyo hivyo. Ikawa ndiyo sentensi ya kwanza ya andiko.

Wapo wanaolalamika kwamba mtu wa lishe hawezi kuhakiki mbu. Waangalie jopo la wahakiki la NIH, taasisi ya taifa ya afya ya Marekani inayofadhili utafiti: kwa kawaida wanachama watatu hivi ndio hupewa andiko walisome kwa kina, lakini kura hupigwa na jopo zima, kwa alama 1 hadi 9, na 1 ndiyo bora. Wengi wa hao wapiga kura hawakupangiwa andiko lako. Ukurasa wa malengo ndio utakaokusemea kwao.

Ratiba naikagua mwenyewe, nikiwa na kalenda mkononi. Karibu kila andiko linaanza kukusanya data mwezi wa kwanza, kana kwamba kibali cha kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, huokotwa njiani. Vipe vibali miezi yake, na ada yake iingie kwenye bajeti. Na anayekwenda nyanjani aseme atafanyaje masika, Machi hadi Mei, barabara zikikatika.

Hofu ya kuibiwa wazo ni ya kweli, siipuuzi. Wanaoomba ruzuku moja siwapangi pamoja, na kopi zote hurudishwa kwa mwenyewe kabla mtu hajatoka chumbani.

Kijana wa matangi alipata ruzuku ndogo, inayotosha vifaa na nauli za wasaidizi. Dada wa lishe amekataliwa, lakini safari hii wahakiki hawakuuliza anataka nini. Walibishana naye kuhusu idadi ya kaya atakazozipima, na hapo wana hoja. Jumamosi ijayo mtaalamu wa takwimu amekubali kuja kukaa naye juu ya hesabu hiyo, kwani dirisha la maombi linafunguliwa tena karibuni.