Ovaholi ya Perkins ya silinda 3 kwenye Massey Ferguson 135

Massey Ferguson 135 ilianza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964. Injini inayokutwa zaidi ndani yake ni Perkins AD3.152, ileile iliyokuja kufungwa baadaye kwenye MF 240. Ina silinda 3 na ujazo wa lita 2.5. Kipenyo cha silinda ni milimita 91.4 na mwendo wa pistoni milimita 127. Matrekta haya bado yanalima na kuvuta tela, na spea zake bado ziko Gerezani Dar es Salaam na Barabara ya Kirinyaga Nairobi. Ni injini nyepesi kufanyiwa ovaholi, yaani kufunguliwa na kutengenezwa upya. Wepesi huo ndio unaowaponza wengi: wanafungua bila kupima, wanatia ringi mpya za pistoni, wanafunga, na msimu unaofuata moshi wa bluu umerudi palepale. Kabla ya kununua spea hata moja, jua kwanza nini kiliiua injini.

Uchunguzi uanze injini ikiwa bado nzima. Iwashe ipate moto, kisha fungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi ukitoka kwa mapigo mapigo, gesi inapita kwenye ringi. Legeza nati ya bomba la nozeli (kinyunyizio cha dizeli) moja baada ya nyingine injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma taratibu bila mzigo: silinda ambayo ukiikata dizeli mngurumo haubadiliki, hiyo ndiyo haifanyi kazi. Pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), kisha mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la nozeli upime tena. Ikipanda, tatizo ni ringi na laina (bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka). Ikibaki vilevile, tazama valvu na gasketi ya hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda). Presha ya oili, injini ikiwa ya moto na mwendo wa juu, inatakiwa kuwa kati ya psi 30 na 60. Chomoa pia kijiti cha oili ukinuse. Oili inayopanda badala ya kupungua ina dizeli ndani, na mara nyingi dizeli hiyo inapenya kwenye sili ya shafti ya pampu ya dizeli au kwenye diaframu ya pampu ndogo ya kuvuta mafuta. Beringi nyingi zimekufa kwa oili iliyochanganyika na dizeli, na lawama ikaangukia oili.

Spana zake ni za inchi. Ya milimita 19 inakubali kwenye nati ya inchi 3/4, lakini ya 14 haiingii kwenye 9/16 na ya 15 inacheza. Ya 13 kwenye 1/2 itazungusha kona za nati hadi ziwe duara. Tafuta seti ya inchi kabla hujaanza.

Trekta hili halina chesisi. Injini yenyewe ndiyo mgongo: mbele imebeba ekseli, nyuma imefungwa kwenye nyumba ya klachi. Ukitaka krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), flaiwili au sili ya nyuma, ni lazima ulikate trekta vipande viwili. Weka vigogo au stendi za chuma chini ya nyumba ya klachi, kabari za mbao pande zote mbili za ekseli ya mbele ili isilale upande mmoja, na injini ibebwe na cheni bloku. Jeki peke yake haitoshi. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) ni ya chuma cha kusubu na ni nzito. Asiishushe mtu mmoja.

Wakati wa kufungua, hakikisha konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) na kofia zake za chini zina namba 1, 2, 3 zinazotazamana upande mmoja. Zisipoonekana, gonga namba mwenyewe kabla ya kulegeza. Kofia ikihamishiwa konrodi nyingine, tundu halitakuwa duara tena. Pushirodi (fimbo zinazosukuma valvu) zichomeke kwenye boksi la karatasi lililotobolewa matundu 6 kwa mpangilio wake. Hedi ikigoma kutoka kwenye stadi (boliti zilizosimama kwenye bloku), igonge kwa nyundo ya mbao pembeni. Usiingize bisibisi kati ya hedi na bloku, mkwaruzo mmoja hapo ni njia ya maji.

Sasa pitisha ukucha ndani ya laina, kutoka chini kwenda juu. Karibu na ukingo wa juu ukucha utakwama kwenye ngazi. Ngazi hiyo ni mahali ringi ya kwanza inapoishia: juu yake chuma hakijaguswa, chini yake kimeliwa. Ikwangue kabla ya kusukuma pistoni nje, la sivyo utavunja ringi na kingo za mifereji ya pistoni. Kisha pima kwa bore geji (kipimo cha kipenyo cha ndani) chini tu ya ngazi, katikati na chini kabisa, kila mahali mara mbili: kufuata urefu wa injini na kuukata. Tofauti kati ya sehemu iliyoliwa zaidi na sehemu ya chini isiyoguswa ikifika milimita 0.20, laina hiyo imekwisha. Ringi mpya ndani yake itabana chini na kulegea juu kila mzunguko, itachoka haraka, na oili itapanda.

Angalia pia namna ilivyoliwa, kwa sababu hapo ndipo injini inaeleza ilivyokufa. Laina iliyoliwa sana juu, ringi ya kwanza imekuwa nyembamba yenye makali kama wembe, na shina la valvu ya kuingiza hewa limechakaa kuliko la kutoa moshi: vumbi limeingia na hewa. Juu hapajaliwa lakini ringi za oili na beringi zina mikwaruzo: uchafu umekuja na oili. Pistoni yenye michubuko pande zote na laina yenye mistari ya kuungua: ilikosa maji. Kwa mashamba yetu ya kiangazi, vumbi ndilo linaongoza. Chujio la hewa la 135 ni la bakuli la oili, na ni zuri sana likitunzwa. Bakuli likikauka, au mpira unaounganisha chujio na manifoldi ukipasuka kwa chini mahali pasipoonekana, kila siku ya kupiga haro ni msasa ndani ya silinda. Mpira huo ununuliwe mpya pamoja na ringi, na klipu zake.

Laina za injini hii ni kavu, yaani maji hayaigusi laina yenyewe. Joto lazima lipite kwenye ukuta wa laina, liingie kwenye bloku, ndipo lifike kwenye maji. Kwa hiyo punje ya kaboni, kutu au gundi nyuma ya laina inazuia joto. Laina inavimba hapo, na pistoni inaganda. Safisha tundu la bloku hadi ling'ae, kausha, kisha ingiza laina kwa presi, ikienda wima na kukaa hadi mwisho. Dukani uliza wazi: hii imeshachongwa tayari, au inachongwa baada ya kuingizwa kwenye bloku? Aina ya pili lazima bloku iende karakana ya mashine laina ikapanuliwe na kupigwa honi (kusuguliwa kwa jiwe la kulainisha silinda). Laina ikishaingia, iache itulie kwanza ndipo uipime.

Ringi mpya ziingize moja moja ndani ya laina, ukizisukuma kwa kichwa cha pistoni ili zikae sawa, upime pengo la ncha zake kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya). Kwa kipenyo hiki, pengo la ringi ya kompresheni liwe kama milimita 0.30 hadi 0.45. Likiwa dogo mno ncha zitagusana injini ikipata moto, na ringi itavunjika au kuchana laina. Wakati wa kuvisha, maandishi ya TOP yatazame juu, na mapengo yasipangane mstari mmoja. Linganisha pia pistoni mpya na ya zamani kutoka katikati ya pini hadi juu ya kichwa. Kwenye maduka kuna pistoni zinazotakiwa kupunguzwa juu kabla ya kufungwa, na ukifunga hivyohivyo itapiga hedi.

Krenki ipimwe kwa mikromita. Shingo za bigendi (zinaposhika konrodi) zikiwa mpya ni kama milimita 57.1, za meni (zinazokaa kwenye bloku) kama 69.8. Pima kila shingo pande mbili kujua kama imekuwa yai. Sugua pia sarafu ya shaba juu yake: ikiacha rangi, uso ni mkali na utakula beringi. Krenki inachongwa kwa thau (elfu ya inchi) kumi, ishirini au thelathini, yaani milimita 0.25, 0.50 na 0.75, na beringi zinanunuliwa baada ya kuchonga, kamwe si kabla. Mwambie fundi mashine aache mviringo kwenye kona za shingo. Kona iliyochongwa kali ndipo krenki inapokatikia. Ikirudi kutoka karakana, pitisha brashi ndogo kwenye kila tundu la oili, osha kwa dizeli, puliza kwa hewa, kisha rudia. Unga wa jiwe la kuchongea uliobaki ndani ya tundu unaua beringi mpya siku ya kwanza.

Washa za thrasti (zinazozuia krenki isiende mbele na nyuma) zina upande wenye mifereji. Mifereji iguse krenki, isiguse bloku. Krenki ikishakazwa, isukume mbele na nyuma kwa bisibisi kubwa na upime: ikicheza kati ya milimita 0.05 na 0.38 iko sawa. Baada ya kukaza kila kofia, zungusha krenki kwa mkono. Ikianza kuwa ngumu baada ya kofia fulani, rudi kwenye kofia hiyo hiyo, usiendelee mbele ukitumaini itazoea.

Sili ya nyuma kwenye injini nyingi za zamani ni ya kamba, iliyolala ndani ya nyumba ya vipande viwili. Hapa ndipo klachi nyingi zinapoloa oili baada ya ovaholi nzuri kabisa. Kamba ya zamani ina asbestosi: ilowanishe, itoe ikiwa mbichi, usiikwangue kavu wala kuipuliza. Kamba mpya iloweshe oili, bonyeza ncha zake kwanza kwenye kila nusu, zibaki zimechomoza milimita 0.25 hadi 0.50, kisha shindilia katikati kwa kitu cha duara na laini kama mpini wa nyundo. Ukikata ncha zikawa sawasawa na chuma, pale vipande vinapokutana patabaki mwanya. Ukiacha ndefu mno, vipande viwili havitafungana.

Gia za taimingi zina alama: za krenki, kemshafti na pampu zote zinapatana na alama zilizo kwenye gia ya kati. Ukishafunga na kuzungusha injini, alama hazitakutana tena kwa mizunguko mingi, kwa sababu ya idadi ya meno ya gia ya kati. Wengine huogopa na kufungua upya kazi iliyokuwa sahihi. Mstari ulio kwenye flenji ya pampu ya dizeli ya CAV ukae sawa na ule wa kwenye bamba la taimingi. Mpangilio wa kuwaka ni 1, 2, 3.

Gasketi ya hedi inaingia kavu, bila grisi wala silikoni, maandishi yake yakitazama juu na mbele. Kaza kuanzia katikati kwenda nje kwa hatua tatu: futi-pauni 30, kisha 45, kisha 60, ambayo ni kama Nm 81. Valvu ziwe thau 12, yaani milimita 0.30, injini ikiwa ya baridi. Nozeli zipelekwe kwa fundi pampu zipimwe mnyunyizo. Kabla ya kuzirudisha, mulika kila tundu kwa tochi: washa ya shaba ya zamani hupenda kubaki chini, ukiweka mpya juu yake nozeli inakaa juu na dizeli inanyunyiziwa mahali pasipo pake. Themostati irudi. Ile tabia ya kuitoa ili injini isichemke inaifanya iende baridi siku nzima, dizeli isiungue yote, na laina zioshwe oili. Inayochemka ina radieta chafu au pampu ya maji mbovu; tengeneza hicho.

Kutoa hewa kuna mpangilio wake. Anza na skrubu ya juu ya chujio la dizeli, kisha skrubu ya ubavuni mwa pampu ya dizeli, kisha ile ya juu kwenye gavana (sehemu ya pampu inayodhibiti mwendo), mwisho nati za mabomba kwenye nozeli mbili huku ukipiga stata. Mkono wa pampu ndogo ya kuvuta mafuta, unaosukuma dizeli wakati wa kutoa hewa, ukiwa hauna nguvu, kemu ya kemshafti imeusimamia. Zungusha injini kidogo, utashika.

Jaza oili ya dizeli, kama lita 7, ya kawaida ya 15W-40. Vuta stopu (kizimio cha injini), piga stata kwa vipindi vifupi hadi sindano ya presha ipande, ndipo ufungue dizeli. Mtu mmoja asimame karibu na mdomo wa hewa ameshika ubao mpana, kwa sababu injini ya dizeli ikianza kula oili yake yenyewe na kupanda mwendo, stopu haitaizima. Kuiziba hewa kutaizima. Ikiwaka na presha ikiwa nzuri, iende kwenye rpm 1000 hadi 1200 kwa dakika 20, ukitazama maji na uvujaji. Izime, ipoe, rudia kukaza hedi na kupima valvu.

Usiiache iungurume sailensa saa nzima ukidhani unaihurumia. Ringi zinahitaji presha ya kazi ili zikae kwenye laina; bila mzigo laina inapata mng'ao wa kioo na itakula oili maisha yake yote. Siku hiyohiyo ifungie tela lenye mzigo wa wastani au haro kwenye udongo laini, ukibadilisha mwendo mara kwa mara. Plau la diski lisubiri. Baada ya saa 50 mwaga oili, badilisha chujio, kaza hedi tena, pima valvu tena, na fungua bakuli la chujio la hewa uone matope yamefika wapi.