Mukau: chagua familia, usidanganywe na mti mmoja

Ukitafuta mbegu bora za mukau, mti wa mbao wa maeneo kame, kumbuka kwamba mukau mnene ulioko Kitui, Kenya, huenda umebebwa tu na udongo wa bondeni, si urithi wake. Kwa hiyo mbegu za kila mti mama huwekwa kando, na miche yake hupandwa kama familia katika shamba la majaribio lenye marudio kadhaa (vipande vinavyorudia upandaji uleule), kila familia ikiwemo katika kila rudio. Pima kipenyo mita 1.3 kutoka ardhini, urefu na unyoofu wa shina. Linganisha kwanza wastani wa familia, kisha teua miti bora ndani ya zile zilizoongoza. Safu za pembeni usizihesabu. Zinapata mwanga na maji ya ziada. Lebo zikichanganyika kitaluni, basi tena, hakuna hesabu ya kuokoa. Tena usibakize familia mbili tatu tu: ndugu wakichavushana, miche hudhoofika.