Naanza na kelele, mashimo meusi yatasubiri

Hiki kikundi changu cha jioni hapa Dodoma, vijana waliomaliza digrii ya fizikia na wanataka kuingia kwenye utafiti wa mawimbi ya graviti, yaani mitikisiko ya anga-wakati inayotoka vitu vizito vikigongana huko angani, wote wanakuja wanataka mashimo meusi, yale yenye mvuto ambao hata mwanga hauchomoki. Siwalaumu jamani, stori ya tarehe 14 Septemba 2015 nani haipendi, mashimo mawili yenye uzito wa kama mara 36 na 29 ya jua letu yanaungana huko mbali na sisi tunapata kamtikisiko ka sekunde 0.2 tu.

Ila mi nawapa kelele kwanza, yaani mitikisiko yote kwenye data ambayo siyo wimbi. Data za LIGO, ile mitambo miwili ya Marekani ya kunasa mawimbi haya, mmoja Hanford na mwingine Livingston, ni bure, laptop yoyote yenye Python inatosha, shida ni bando tu na hilo tunachangishana. Nawaambia kila mtambo una mikono ya kilomita 4 na unapima badiliko dogo kuliko hata sehemu ya elfu ya protoni, sasa kitu kama hicho kinasikia kila kitu, treni, upepo, mawimbi ya bahari, kule Hanford iligundulika mpaka kunguru wanadonoa barafu kwenye mabomba. Mmoja akasema madam kwa huu upepo wetu wa Julai ule mtambo ungeomba uhamisho.

Juzi kijana anaangalia data za Hanford karuka, "Madam nimelipata wimbi!" Nikamwambia haya, fungua ya Livingston muda huohuo. Kafungua, hamna kitu. "Labda Livingston walikuwa wamelala." Tulicheka sana lakini ndo somo lenyewe hilo, wimbi likipita Hanford na Livingston linapishana milisekunde 10 kwa kuzidi sana, kwa hiyo ukiona upande mmoja tu anza kujishuku.

Halafu nikawavuruga na 17 Agosti 2017, nyota mbili za neutroni, yale mabaki ya nyota yaliyoshindiliwa sana, zilipogongana. Programu ilitoa taarifa ya Hanford peke yake, maana Livingston kulitokea glichi kubwa, yaani kelele ya ghafla ya mtambo wenyewe, sekunde kama moja tu kabla ya nyota kugongana. Watu wakaangalia picha ya data ya Livingston kwa macho, wakaona mstari wa wimbi unapita palepale chini ya ule uchafu, wakaukata, wakaunganisha na data za Virgo, mtambo kama huo ulioko Italia, eneo la kutafuta angani likapungua na ndani ya saa 11 darubini zikakuta mwanga kwenye galaksi NGC 4993. Bila mtu anayezijua glichi sijui ingekuwaje. Yule kijana akaniuliza, sasa madam tunaamini mitambo miwili au mmoja? Sikumjibu, nimempa faili la Livingston la siku hiyo bila kusafishwa akahangaike nalo.

Kinachoniumiza ni ajira, sitawadanganya, nafasi za kazi hii hapa nchini hazionekani. Ndo maana sikumzuia binti mmoja aliyehamia kwenye data za matetemeko, Dodoma yenyewe ardhi inatikisika mara kwa mara, na kuchuja kelele keshajua.