Hiyo moja imetoka wapi?

"Mama, kwa nini jibu ni moja? Kwa nini isiwe mbili?"

Binti yangu aliniuliza hivyo jana usiku. Daftarini alikuwa na kanuni waliyoambiwa wakariri: saini mraba jumlisha kosaini mraba ni sawa na moja. Katika pembetatu mraba, saini ya pembe ni upande unaoitazama ukigawanywa kwa upande mrefu; kosaini ni upande mfupi unaopakana nayo ukigawanywa kwa huohuo mrefu.

Mawazo yangu yakarudi kwetu Igombe, kando ya Ziwa Victoria, kwenye lile jiwe la nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa kidato cha nne, dada aliishia cha pili. Ilikuwa mbalamwezi, karabai za kuvulia dagaa gizani zimelala, dagaa hakuna, ndiyo maana alipata muda wa kukaa nami. Swali lilisema: saini ya pembe A ni 5/13, A ni pembe butu (inazidi nyuzi 90), tafuta kosaini bila kutumia jedwali. Nilikuwa nimefuta mpaka karatasi ikatoboka.

Kanuni ile dada hakufundishwa. Alinisikiliza nikiikariri, akauliza, "Hiyo moja imetoka wapi?" Sikujua.

Akaokota mkaa, vidole vikinuka sato aliyetoka kumparua, akachora pembetatu mraba juu ya jiwe. Upande mrefu akaandika 13, wa kusimama 5. "Pythagoras namjua," akasema. 13 mara 13 ni 169, 5 mara 5 ni 25; 169 toa 25, ikabaki 144. Upande wa chini ni 12. Akaandika 25 + 144 = 169, akanyamaza. Kisha akapiga mstari chini ya kila namba, na chini ya kila mstari akaandika 169.

"Hii si saini mara saini?"

"Ndiyo."

"Na hii kosaini mara kosaini?"

"Ndiyo, dada."

Mkaa ukasimama kwenye 169 kwa 169. "Basi moja yako hii hapa, mdogo wangu. Upande mrefu umejigawa wenyewe. Uwe na urefu wowote, itakuja moja tu."

Mimi nilichangia alama ya kutoa, kwa kuwa pembe butu huangukia robo ya pili ya duara, ambako kosaini ni hasi: -12/13.

Nikafaulu, nikaendelea na shule, nikapata kazi mjini. Dada yuko Igombe na chanja zake za dagaa. Ada ya nyumbani ilitosha mtoto mmoja, na sijawahi kumuuliza anaionaje hiyo.

Jana nilimpigia, nikamwambia mtoto kauliza swali lake lilelile. Dada hakumbuki kabisa habari za lile jiwe. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Haya, mpe simu anisomee swali."